Faili la XML linagoma kwenye Ng'ombeni na Ng'ambwa: tusifute ritifaa, tutafute usimbaji

#1 Mleta uzi, Wete

Assalaam alaykum wanajamvi.

Uzi huu nauleta kwa kila anayepokea mafaili ya XML kutoka kwa wengine na kuyaingiza kwenye kanzidata: orodha za shehia, sajili za mifugo, majina ya wanafunzi wa skuli, wageni wa hoteli. Kuna kosa linalotusumbua sana hapa visiwani, na dawa inayopeanwa ni kufuta herufi iliyoleta kosa ili kazi iendelee. Dawa hiyo inaharibu majina ya watu na ya mahala, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Naomba tuuzungumze mpaka tuumalize.

Chukua orodha ya shehia za Mkoani. Mtambile inapita, Kengeja inapita, Makoongwe inapita. Programu ikifika Ng'ombeni inasimama. Orodha ya Chake Chake inasimama kwenye Ng'ambwa. Kwa Unguja ni Ng'ambo. Sajili ya mifugo ni hivyohivyo: mistari ya kuku, bata, mbuzi na punda inasomeka bila taabu, mstari wa kwanza wa ng'ombe unagoma. Ukilipima faili kwa xmllint, programu ya kukagua XML, utaona hivi:

orodha.xml:3: parser error : Input is not proper UTF-8, indicate encoding !
Bytes: 0x92 0x6F 0x6D 0x62

Ukitumia Java utaambiwa "Invalid byte 1 of 1-byte UTF-8 sequence". Kichanganuzi (parser, yaani programu inayosoma XML) cha Python kitasema "not well-formed (invalid token)" na kukupa namba ya mstari na ya nafasi. Maneno yanatofautiana, ugonjwa ni mmoja: usimbaji (encoding), yaani kanuni ya kuandika herufi kwa baiti, na UTF-8 ni mojawapo ya kanuni hizo.

Zisome zile baiti nne (namba za baiti humu zote ni za hexadecimal, hesabu ya kumi na sita). 6F ni herufi o, 6D ni m, 62 ni b: ndiyo "omb" ya Ng'ombeni. Iliyotangulia, 92, ndiyo ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Na hapa ndipo pa kukaa kitako.

Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni baiti 27, na ipo ndani ya ASCII, orodha ya msingi ya herufi za kompyuta. Lakini mtu akiandika ng'ombe kwenye Word, programu inaibadilisha palepale ikawa ile iliyopinda, ’. Usimbaji wa zamani wa Windows, yaani windows-1252, unaihifadhi hiyo iliyopinda kwa baiti moja tu, 92. UTF-8 inaihifadhi kwa baiti tatu, E2 80 99. Sasa faili letu limeandikwa juu kabisa:

<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>

na ndani yake mna 92 imekaa peke yake. Ni gunia lililoandikwa karafuu ambalo ndani mna makonyo. Katika UTF-8 baiti ambayo biti zake mbili za mwanzo ni 1 na 0 hairuhusiwi kuanzisha herufi, inaruhusiwa kufuata tu. Baiti 92 kwa biti ni 10010010. Kwa hiyo kichanganuzi hakibahatishi kinapokataa: kina ushahidi kwamba tamko la juu na baiti za ndani haviafikiani.

Sasa kwa nini kosa linachelewa kuonekana? Kwa sababu Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini karibu chote kinaingia ndani ya herufi 128 za ASCII, na baiti za ASCII ni zilezile katika windows-1252 na katika UTF-8. Faili la kuku na mbuzi linaweza kuhifadhiwa kwa usimbaji usiokuwa sahihi miaka nenda miaka rudi, na hakuna atakayejua. Siku ng'ombe anapoingia ndipo watu wanasema faili limeharibika leo. Halikuharibika leo. Lilikuwa hivyo tangu lilipotoka kwenye mashine iliyolizalisha.

Mara nyingi mashine hiyo ina programu inayoandika mstari wa tamko kama maandishi ya kawaida, "UTF-8", kisha inahifadhi faili kwa usimbaji wowote ambao mashine imeuzoea. Au karani amelifungua faili kwa Notepad ya zamani, akabandika jina kutoka Word, akahifadhi. Notepad ilikuwa inahifadhi kwa kile ilichokiita ANSI mpaka Windows 10 ya mwaka 2019 ilipoanza kutumia UTF-8 kama kawaida yake. Mashine za kabla ya hapo bado zimejaa maofisini.

Namna ya kutibu:

Kwanza, weka nakala ya faili la asili na usiliguse. Pili, tafuta mistari yenye baiti zisizokuwa halali:

grep -naxv '.*' orodha.xml

(terminali yako iwe inatumia UTF-8). Tatu, ziangalie baiti zenyewe kwa xxd. Ukiona 92 mahala pa ritifaa, na 93 na 94 mahala pa alama za kunukuu, hiyo karibu hakika ni windows-1252. Nne, geuza:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 orodha.xml > orodha-mpya.xml

Baada ya hapo tamko la juu linakuwa kweli. Pima tena kwa xmllint --noout. Ikinyamaza, faili limekaa sawa.

Usiendeshe iconv mara mbili juu ya faili moja. Hilo lina balaa lake, na likiulizwa nitalieleza.

#2 Fundi wa kompyuta, Chake Chake

Ahsante Maalim. Kuna jawabu mashuhuri sana mtandaoni: badilisha tamko la juu liwe encoding="ISO-8859-1", basi. Na kweli kosa linaondoka. Watu wengi wanafanya hivyo kwa sababu ni mstari mmoja tu. Kuna ubaya gani?

#3 Mleta uzi, Wete

Ubaya wake ni mkubwa kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa linakwambia ukweli na sasa umelinyamazisha.

ISO-8859-1 na windows-1252 zinafanana karibu pote. Tofauti iko kuanzia baiti 80 mpaka 9F. Windows-1252 imeweka hapo ritifaa iliyopinda, alama za kunukuu, alama ya yuro na nyenginezo. ISO-8859-1 imeacha nafasi hiyo kwa herufi za udhibiti zisizoonekana. Kwa hiyo ukitangaza ISO-8859-1, kichanganuzi kinaichukua 92 na kuifanya U+0092 (U+ ni namba ya herufi katika Unicode, orodha ya herufi za lugha zote), ambayo XML inairuhusu. Faili linapita. Kwenye kanzidata unapata Ng, halafu kitu kisichoonekana, halafu ombeni. Kwenye skrini nyingi utasoma "Ngombeni", kwenye nyengine kijisanduku. Mtu akitafuta Ng'ombeni hapati kitu. Akitafuta Ngombeni, pia hapati. Shehia nzima ipo kwenye kanzidata na haipatikani.

Kinachowachanganya watu ni kwamba vivinjari vya intaneti vikiona ISO-8859-1 kwenye ukurasa wa HTML, huisoma kama windows-1252. Ndiyo maana ukurasa unaonekana mzuri. Vichanganuzi vya XML havina huruma hiyo. Ukitaka kubadilisha tamko badala ya kubadilisha baiti, andika encoding="windows-1252", ambalo ndilo la kweli. Lakini fahamu kwamba kichanganuzi cha XML kinalazimika kuzijua UTF-8 na UTF-16 tu, hizo nyengine ni hiari yake. Kupeleka kila kitu kwenye UTF-8 kunakuepusha na mashaka hayo.

Na kuhusu ukali: waliotunga XML 1.0, iliyotoka Februari 1998, waliamua kwa makusudi kwamba faili lenye kasoro ya muundo lisimamishe kazi, na kanuni za XML zinazihesabu baiti zisizokuwa halali katika usimbaji uliotajwa kuwa kosa la namna hiyo. Walikuwa wameona HTML inavyobahatisha na kila kivinjari kutoa jawabu lake. Mimi naona walifanya sawa. Faili la XML linabeba sajili na hesabu za watu, na sajili inayobahatishwa ni bora isisomwe kabisa.

#4 Mpokea wageni, Paje

Salaam. Sisi hotelini tunapokea nafasi zilizowekwa kutoka nje kwa XML. Hakuna kosa lolote linalotokea, faili linaingia, lakini Jürgen anaingia kama JÃ¼rgen, na majina ya Kipoland ndiyo usiseme: ł inakuwa Å‚. Mgeni anafika anatajiwa jina lake, karatasi yake ya mapokezi imeandikwa madudu. Ni aibu kwa kweli. Hili ni lilelile?

#5 Mleta uzi, Wete

Ni ndugu yake, dada, ila limegeuka upande wa pili. Hapa faili ni UTF-8 sahihi, na aliyelisoma amelichukulia kuwa windows-1252. Herufi ü katika UTF-8 ni baiti mbili, C3 BC. Kwa windows-1252, C3 ni Ã na BC ni ¼. Herufi moja imesomwa kama mbili. Kila ukiona Ã au Å imeambatana na kitu cha ajabu, jua ni UTF-8 iliyosomwa vibaya. Na ritifaa iliyopinda inakuwa â€™, hiyo kila mtu ameshaiona.

Kosa halilii kwa sababu windows-1252 inakubali karibu kila baiti. UTF-8 ndiyo yenye masharti ya kutambua uongo, hiyo nyengine haina.

Mwambie fundi wenu aangalie faili linafunguliwaje. Watu wanalifungua faili kama maandishi, lugha ya programu inalitafsiri kwa usimbaji wa mashine, kisha maandishi yaliyokwishaharibika ndiyo yanayopewa kichanganuzi. Kichanganuzi kipewe baiti zenyewe, kitasoma tamko na kufanya kazi yake. Katika Python fungua kwa 'rb'. Ukitumia lxml na kuipa maandishi yenye tamko la usimbaji juu yake, inakataa kabisa na kukwambia uipe baiti, na imefanya uungwana. Katika Java, FileReader ilikuwa inafuata usimbaji wa mashine mpaka JDK 18 ya mwaka 2022 ilipofanya UTF-8 kuwa kawaida. Mpe kichanganuzi InputStream, usimpe Reader.

Yale yaliyokwishaingia kwenye kanzidata, mengi yanaweza kurudishwa, maana kwa kawaida baiti hazikupotea, zimevikwa nguo mbili tu. Hili ndilo balaa la kuendesha iconv mara mbili nililolitaja. Yatoe kwenye faili, kisha:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 yaliyoharibika.txt > yaliyorudi.txt

JÃ¼rgen inarudi kuwa baiti 4A C3 BC na kuendelea, ambazo ndizo UTF-8 ya Jürgen. Fanya hivyo kwa majina yaliyoharibika tu. Mgeni aliyesajiliwa kwa mkono, ambaye jina lake liko sawa, ukimpitisha humo utamharibu.

#6 Fundi wa kompyuta, Chake Chake

Na pale faili lilipochanganyika? Tunapokea la kila shehia peke yake, mtu anayaunganisha yote. Mistari mingine UTF-8 safi, mingine ina 92. Iconv ya faili zima inatengeneza upande mmoja na kuharibu wa pili.

#7 Mleta uzi, Wete

Hapo unakwenda mstari kwa mstari. Jaribu UTF-8 kwanza, ikikataa ndipo utumie windows-1252:

for mstari in open('orodha.xml', 'rb'):
    try:
        maneno = mstari.decode('utf-8')
    except UnicodeDecodeError:
        maneno = mstari.decode('cp1252')
    toleo.write(maneno)

na toleo lifunguliwe kwa encoding='utf-8'. Mpangilio huo una maana: UTF-8 lazima itangulie, kwa sababu ni nadra sana maandishi ya windows-1252 yenye herufi nje ya ASCII yakatokea kuwa UTF-8 halali kwa bahati. Ukianza na cp1252 itakubali karibu kila kitu na hutajua.

Bora zaidi ni kuyageuza kabla ya kuyaunganisha, yakhe. Kila shehia na faili lake, kila faili na usimbaji wake.

#8 Mwanafunzi, Tunguu

Samahani Maalim, langu dogo. Java inaniambia "Content is not allowed in prolog" na faili ukilifungua halina kitu juu ya tamko.

#9 Mleta uzi, Wete

Kipo, mwanangu, hukioni. Endesha xxd faili.xml | head -1. Ukikuta EF BB BF ndiyo alama ya BOM, ambayo baadhi ya programu za Windows huiweka mwanzo wa faili la UTF-8. XML inairuhusu, lakini ikipita kwenye Reader inageuka herufi ya kawaida na kichanganuzi kinaona kuna kitu kabla ya tamko. Mpe baiti, au ziondoe hizo tatu. Ukikuta 20 au 0A ni nafasi au mstari mtupu, ingawa hapo Java kwa kawaida hutoa ujumbe mwengine: ukiacha BOM, tamko lazima lianze kwenye baiti ya kwanza kabisa.

#10 Mnakili wa hati za kale, Mji Mkongwe

Alaykum salaam. Nimesoma uzi wote na nina jambo zito kidogo. Sisi tunanakili Kiswahili cha herufi za Kiarabu, chenye irabu zake, na tunahifadhi kwa XML. Mafaili yalipita kwenye mashine ya mtu mmoja na kurudi yamejaa Ø na Ù. Tumejaribu ile njia ya iconv ya kurudi nyuma. Baadhi ya maneno yamerudi mazima, mengine yamerudi na matundu. Yanayotoboka ni yaleyale: fa, dhumma na kasra. Fat-ha haikuguswa. Kwa nini?

#11 Mleta uzi, Wete

Swali hili limenifurahisha na kunihuzunisha, maana limenigusa kwenye kitu ninachokipenda. Jawabu lake ni la baiti tupu.

Kila herufi ya Kiarabu katika UTF-8 inachukua baiti mbili, ya kwanza mara nyingi D8 au D9, ndizo zinazoonekana kama Ø na Ù. Neno kitabu bila irabu, كتاب, likisomwa kwa windows-1252 linatoka hivi: ÙƒØªØ§Ø¨. Hilo linarudi lote, kwa sababu kila baiti yake ina herufi katika windows-1252.

Lakini windows-1252 ina nafasi tano zilizoachwa wazi: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Baiti ikiangukia hapo, programu kali inakosa herufi ya kuweka. Sasa tazama:

fa ni D9 81
dhumma ni D9 8F
kasra ni D9 90
tanwini ya kasra ni D9 8D
fat-ha ni D9 8E

Fat-ha imepona kwa sababu 8E ina herufi Ž. Wenziwe wote wanne wameangukia kwenye nafasi zilizo wazi. Kwa hiyo kitabu yenye irabu kamili inarudi ikiwa na a yake, imepoteza i na imepoteza u. Kwa Kiarabu msomaji hodari angelijaza mwenyewe. Kwa Kiswahili irabu ndizo zinazotofautisha neno na neno, na utenzi usiokuwa na kasra wala dhumma haufai kuitwa nakala.

Angalia kilichokaa mahala pa tundu. Kama ni herufi ya udhibiti, U+0081, U+008F au U+0090, basi aliyesoma alikuwa mpole na baiti bado ipo: unaweza kuandika programu fupi ya kuirudisha hiyo baiti kwa mkono. Kama ni ile almasi yenye alama ya kuuliza, U+FFFD, ambayo kwa baiti ni EF BF BD, basi kilichokuwepo kimekwisha. Fa na dhumma zote zimegeuka almasi ileile na hakuna programu itakayozitenganisha. Hapo rudini kwenye nakala ya kabla ya mashine ile, na kama haipo, rudini kwenye picha za hati mkasome upya. Msimruhusu mtu kuzijaza kwa kukisia kisha akaziita za asili.

Jengine, msiyahifadhi mafaili hayo kwa usimbaji wa zamani wa Kiarabu kwa sababu yoyote. ISO-8859-6 haina پ wala چ. Windows-1256 inazo hizo mbili, lakini haina ڤ. Unicode inazo zote, pamoja na ڠ ambayo baadhi ya waandishi wanaitumia.

#12 Mnakili wa hati za kale, Mji Mkongwe

Nimetazama. Mengi ni U+008F na U+0090. Machache ni almasi, na picha zake tunazo. Allah akulipe kheri, Maalim.

#13 Karani, Mkoani

Mimi ndiye ninayeandika hayo majina, kwa hiyo naomba mniambie niandike vipi. Nyengine naandika kwa kompyuta, nyengine kwa simu. Ritifaa ipi ndiyo sahihi? Na yale niliyokwishaandika?

#14 Mleta uzi, Wete

Bibi, ahsante kwa kuuliza, kwani wewe ndiye mwenye kazi hii kuliko sisi sote.

Andika iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi. Sababu yake ni kwamba kila usimbaji tuliouzungumza hapa, ukiacha UTF-16, unaihifadhi kwa baiti ileile 27, na kila mtu anayetafuta jina ataiandika hivyo. Iliyopinda kwenye UTF-8 ni halali kabisa na XML haiikatai, lakini kwa kompyuta Ng'ombeni na Ng’ombeni ni maneno mawili mbali, na orodha itahesabu shehia mbili.

Yaliyokwishaandikwa usiyaguse kwa mkono. Mtu wa kanzidata akimaliza kugeuza kwenda UTF-8, abadilishe U+2019 na U+2018, zile zilizopinda, ziwe ritifaa iliyonyooka, kwenye sehemu za majina tu, tena baada ya kugeuza, sio kabla. Kwenye maelezo marefu aziache zilivyo.

Kwenye Word ingia File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha AutoFormat As You Type, uondoe tiki kwenye mstari wa smart quotes. Kwenye iPhone ni Settings, General, Keyboard, uzime Smart Punctuation. Simu za aina nyengine andika ng' kisha utazame: ikipinda, ingia kwenye mipangilio ya kibodi yenyewe.

#15 Karani, Mkoani

Ya Word nimeizima, imekubali. Simu yangu si iPhone, ila inaandika iliyonyooka. Mtu wa kanzidata nimempelekea uzi huu, anauliza kama afanye na majina ya watu pia, wapo wenye ritifaa.

#16 Mleta uzi, Wete

Afanye. Akimaliza atoe orodha ya majina yote yaliyobadilika, la zamani na jipya ubavuni, uipitie wewe kabla hajahifadhi.